Je, Wajua? Tanga Ina Udugu na Kindi wa Ujerumani

Je, wajua kwamba Tanga ina ndugu kindi? Tangu mwaka 1963 Tanga na Eckernförde, mji wa pwani kaskazini mwa Ujerumani, ni miji rafiki. Kwenye nembo ya Eckernförde pana ngome na mnyama mmoja tu: kindi! Wenzao wanajitangaza kwa tai na dubu, wao wameona mla mbegu anatosha. Kama unadhani nakutania, waulize waliosoma Tanga mjini. Jina la Eckernforde wanalijua, lilipewa shule.

Wewe uliyeko Mkumbara, hebu inua macho uitazame milima ya Usambara. Je, wajua kwamba zamani za Mjerumani magogo ya mwangati yalikuwa yakiteremka kutoka Shume yakining'inia kwenye waya wa chuma, mpaka hapo Mkumbara, yakapakiwe kwenye treni? Mitambo ile ilitoka kwa kampuni ya Bleichert ya Leipzig. Na nembo ya Leipzig ina nini? Simba! Simba mweusi, kasimama kwa miguu ya nyuma, katika nchi ambayo simba huonekana kwenye bustani ya wanyama tu. Wa kwetu yuko hapo jirani Mkomazi, na hajawahi kuomba kuchorwa.

Sasa sogea karibu, maana hili ni tamu. Je, wajua kwamba kuna mji wa Ujerumani ambao nembo yake ni kichwa cha Mwafrika? Mji huo ni Coburg, na huyo ni Mtakatifu Mauritius. Masimulizi ya Kikristo yanasema alikuwa kamanda wa jeshi la Kirumi kutoka Misri, akakubali kufa kuliko kuwaua Wakristo wenzake. Mwaka 1934 Wanazi wakamfuta, wakaweka upanga wenye alama yao kwenye mpini. Mwaka 1945 Wanazi wakaanguka, Mwafrika akarudi mahali pake! Leo utamkuta hata kwenye mifuniko ya chuma ya mitaro barabarani. Mwaka 2020 wapo waliotaka aondolewe tena, safari hii wakisema midomo na hereni zake zimechorwa kwa dharau. Ningeulizwa mimi, mtakatifu angebaki na mchoraji angebadilishwa.

Na Papa Benedikto wa 16, Mjerumani yule, je? Nembo yake ya mwaka 2005 ilikuwa na kichwa cha Mwafrika aliyevaa taji, alama ya kale ya maaskofu wa Freising. Pembeni yake kuna dubu aliyebebeshwa mzigo mgongoni. Hadithi inasema dubu huyo alimla farasi wa askofu Korbiniani njiani, akaamriwa abebe yeye mizigo mpaka Roma. Haki imetendeka!

Je, wajua kwamba nusura koloni la Mjerumani hapa kwetu lipate nembo yake? Mwaka 1914 ilishachorwa: kichwa cha simba, na tai wa Kaisari juu yake. Vita Kuu ikazuka, mchoro ukabaki karatasini.

Lakini tai mwenyewe alishatangulia kufika, tena mifukoni mwa watu. Mwaka 1890 kampuni ya Kijerumani ilitoa sarafu ya shaba iitwayo pesa, 64 kwa rupia moja. Upande mmoja tai wa Ujerumani. Geuza uone maajabu: maandishi ya Kiarabu matupu, pamoja na mwaka wa Hijria, 1307. Mjerumani alijua wasomaji wa pwani wanasoma herufi gani.

Ngoja, bado ya Tabora! Mwaka 1916, vita imepamba moto na meli hazifiki, Wajerumani walichukua dhahabu ya mgodi wa Sekenke wakagonga sarafu zao kwenye karakana ya reli. Zilitoka kama 16,000, kila moja rupia 15. Juu yake tembo amenyanyua mkonga, nyuma yake mlima. Septemba mwaka huohuo Wabelgiji wakauteka mji.

Haya, tufike nyumbani. Nembo yetu ya taifa, ile wengi wanayoiita Bibi na Bwana, umewahi kuitazama sawasawa? Ina mwenge juu kabisa, bendera, shoka na jembe vilivyopishana, mkuki katikati na mawimbi chini. Bibi na Bwana wameshika pembe za ndovu, wamesimama juu ya Kilimanjaro, mita 5,895. Je, wajua kwamba miguuni mwao kuna mazao mawili, pamba na karafuu, Bara na Visiwani? Mkonge, uliojaa Korogwe nzima na kuubeba uchumi wa Tanga kwa miaka mingi, haumo. Mimi hilo linaniuma kidogo.

Nani aliichora? Mzee Francis Kanyasu, maarufu Ngosha, alisema ni yeye. Alifariki Muhimbili mwaka 2017, na ubishi haujaisha.

Sasa kazi kwako. Toa cheti chako cha kuzaliwa kwenye ule mfuko wa nailoni kabatini, utazame miguuni: nani kasimama kwenye pamba, Bibi au Bwana? Ukisema Bwana, umekosa.