Mnyororo wa Ushahidi na Kikoti cha Azaria

Kesi ya mauaji isiyo na shahidi aliyeona tukio huzua maneno ya aina mbili mtaani. Wapo wanaosema mshtakiwa amefungwa kwa hisia tu, na wapo wanaosema kwamba mambo yote yakishamwelekea mtu mmoja, hakuna tena cha kujadili. Sheria haiko na hawa wala wale. Ushahidi wa mazingira ni ushahidi kamili, na mtu anaweza kutiwa hatiani kwa huo peke yake, hata kwa kuua kwa kukusudia. Kipimo chake kiliwekwa na Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki mwaka 1949, katika shauri la Kipkering arap Koske: mambo yanayomwelekea mshtakiwa yawe hayapatani kabisa na kutokuwa na hatia kwake, wala yasiweze kuelezeka kwa njia nyingine yoyote ya kuridhisha. Mwaka 1958, shauri la Simoni Musoke likaongeza tahadhari kwamba jaji ajiridhishe kwanza kuwa hakuna hali nyingine iliyokuwapo inayodhoofisha hitimisho lake. Maneno hayo hunukuliwa sana kwenye hukumu za rufaa. Tatizo ninaloliona ni kwamba mara nyingi kipimo hupelekwa moja kwa moja kwenye jumla ya ushahidi, kabla ya kuuliza kama kila jambo lililojumlishwa limethibitishwa lenyewe. Mnyororo mrefu wenye pete moja ya udongo hauvuti kitu, hata ukiongezewa pete nyingine 20.

Gharama ya kuruka hatua hiyo inaonekana wazi huko Australia. Usiku wa tarehe 17 Agosti 1980, kwenye kambi ya watalii chini ya mwamba wa Uluru, mtoto mchanga wa wiki 9, Azaria Chamberlain, alitoweka hemani. Mama yake, Lindy, alipiga kelele kwamba dingo, yaani mbwa mwitu wa nchi ile, amemchukua mwanawe. Mwili haukupatikana. Wiki moja baadaye nguo za mtoto ziliokotwa karibu na mwamba, zikiwa na damu. Uchunguzi wa kwanza wa kifo, mwaka 1981, ulikubali maelezo ya mama. Kisha wakaja wataalamu na vipimo vipya, na mnamo Oktoba 1982 baraza la mahakama mjini Darwin likamtia hatiani kwa mauaji. Alihukumiwa kifungo cha maisha. Hapakuwa na mwili, silaha iliyothibitishwa, ungamo wala sababu ya mama kumuua mwanawe.

Kilichomfunga ni vitu vidogo vilivyopangwa vikapangika. Mtaalamu alisema damu iliyokutwa kwenye gari la familia ilikuwa na himoglobini ya mtoto mchanga. Chini ya dashibodi palionekana matone yaliyorukia chuma, na yakaelezwa kuwa ni damu iliyochuruzika kwa nguvu. Mama alisisitiza kwamba mtoto alikuwa amevaa kikoti cheupe juu ya nguo iliyookotwa. Kikoti hakikuwepo, kwa hiyo upande wa mashtaka ukasema anadanganya, na kukosekana kwa mate ya mnyama kwenye nguo ile kukahesabiwa dhidi yake. Kila kipande kiliazima nguvu kwa mwenzake. Damu iliaminika kwa kuwa mama alionekana mwongo, na mama alionekana mwongo kwa kuwa damu iliaminika. Rufaa ya kwanza ilitupwa mwaka 1983. Mwaka 1984 mahakama ya juu kabisa nchini humo iliitupa ya pili kwa majaji 3 dhidi ya 2.

Mwanzoni mwa mwaka 1986, watu waliokuwa wakitafuta mabaki ya mpanda mwamba aliyeanguka walikiona kikoti kile, kimefukiwa nusu mchangani, katika eneo lenye mapango ya dingo. Lindy aliachiwa siku chache baadaye. Tume iliyochunguza upya ilibaini kwamba yale matone ya chini ya dashibodi yalikuwa dawa ya kuzuia kelele iliyopuliziwa gari kiwandani, na kwamba vipimo vya damu havikustahili kuaminiwa. Hatia ilifutwa mwezi Septemba 1988, na mwaka 2012 ofisa mchunguzi wa vifo aliandika rasmi kwamba mtoto alichukuliwa na dingo. Kikoti kilikuwa ile hali nyingine inayodhoofisha hitimisho, na mama alikitaja tangu mwanzo.

Wapo watakaosema kwamba muuaji haiti mashahidi, na tukidai kila pete ithibitishwe, wauaji wataenda zao. Uzito wa pingamizi hili naukubali, maana wafiwa nao wanadai haki. Lakini si kila jambo dogo ni pete. Mengine ni nyuzi za kamba, ambapo uzi mmoja ukikatika kamba bado hubeba. Kazi ya jaji ni kutenganisha: jambo ambalo likiondolewa simulizi ya mashtaka inaanguka, hilo lithibitishwe pasipo kuacha shaka. Na tusidhani shahidi wa macho ndiye salama zaidi. Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika shauri la Waziri Amani la mwaka 1980, ilionya kwamba utambuzi wa kuona ni miongoni mwa ushahidi dhaifu kabisa.

Pingamizi la pili ni kwamba majaji wa rufaa hawakuwaona mashahidi wakijibu maswali, basi wasijitie kupima upya. Kwa shahidi anayesema “nilimwona akichoma kisu”, hoja ina nguvu, kwa kuwa hakimu aliyemtazama usoni anajua lisiloandikwa kwenye mwenendo wa kesi. Ila katika ushahidi wa mazingira, mengi hayategemei uso wa shahidi. Kama damu ni ya kichanga au si ya kichanga, hilo limo kwenye karatasi za maabara, na jaji wa rufaa anayeziona ni zile zile. Ndiyo maana shauri la Okeno la mwaka 1972 linaitaka mahakama ya rufaa ya kwanza ipitie ushahidi wote upya na kufikia uamuzi wake yenyewe, huku ikikumbuka kwamba haikuwaona mashahidi. Mrufani anayekosa upimaji huo amesomewa hukumu ile ile mara ya pili, kwa sauti ya mtu mwingine.