Wajukuu wa Wakroati Watafuta Kijiji cha Mababu

Hapa Pwani mtu hajulikani mpaka ajulikane ni wa nani na wa wapi. Uende harusini au matangani, iwe Lamu, Mombasa au Vanga, mzee atakuuliza jina lako, kisha la baba, kisha la babu, wala hatatulia mpaka akufikishe kwenye mbari yako na mji waliotoka wazee wako, uwe ni Pate, Ngazija au Hadhramaut. Ikishapatikana nisba, utasogezewa mkeka na kahawa.

Sasa ndugu msomaji, chukulia kwamba swali hilo analiuliza mtu aliyezaliwa Chicago au Antofagasta, asiyejua neno hata moja la lugha ya babu yake. Alichorithi ni jina tu, tena jina lenyewe limeharibika. Hiyo ndiyo hali ya wajukuu na vitukuu wengi wa Wakroati, watu wa Kroatia, nchi iliyo ukingoni mwa Bahari ya Adriatiki, ng'ambo ya Italia.

Wazee wao walihama kwa wingi kati ya miaka ya 1880 na mwaka 1914, ilipozuka Vita Kuu ya Kwanza. Visiwa vyao, kama Brač na Hvar, vilitegemea mizabibu. Mwaka 1891 Austria-Hungaria, dola iliyowatawala, ilifunga mkataba wa biashara na Italia, mvinyo wa Kiitaliano ukaingia kwa ushuru mdogo na bei ikaanguka. Halafu akaja mdudu aitwaye filoksera, anayeila mizizi ya mzabibu, akamaliza kilichosalia. Vijana wakapanda meli. Kuna waliokwenda migodini na viwandani Marekani. Kuna waliofuata naitreti na dhahabu huko Chile. Na kuna waliofika New Zealand kuchimba ardhini utomvu wa mti uitwao kauri, kitu ambacho watu wa Unguja na Mrima wangekitambua mara moja, kwani ni mfano wa sandarusi, na kazi yake ilikuwa ile ile ya kutengenezea vanishi.

JINA LAPOTEA NJIANI

Majina mengi ya Kikroati huishia na -ić, yaani "ich" kwa matamshi yetu, na maana yake ni mwana wa fulani au fulani mdogo. Jurić ni mwana wa Jure. Kovačević ni wa mwana wa mhunzi. Vuković yatokana na vuk, mbwa mwitu. Babić nalo latokana na baba, lakini msomaji asidanganyike: kwao baba ni bibi kizee!

Ugenini alama hizo ndogo za juu ya herufi hazikuwa na nafasi. Ć ikawa c tupu, au ikaandikwa ch. J, ambayo kwao husomwa kama y yetu, ikawavuruga Waingereza, ndipo Jurić mmoja akawa Yurich na mwingine akawa Jurick. Wengine walikata mkia wa jina wenyewe, na kina Kovač kadha wakajifasiri wakawa Smith. Mchezaji mashuhuri wa besiboli Roger Maris, aliyezaliwa Marekani mwaka 1934 katika familia yenye asili ya Kikroati, jina lake la kuzaliwa lilikuwa Maras. Lilibadilishwa mwaka 1955.

Familia nyingi hudai kwamba karani wa Ellis Island, kile kituo cha wahamiaji cha New York kilichofunguliwa mwaka 1892, ndiye aliyeliharibu jina la babu. Kisa hicho ni kitamu, lakini mimi sikikubali. Makarani wale walikuwa wakisoma orodha zilizokwisha kuandikwa na kampuni za meli bandarini walikopandia abiria. Aghalabu jina lilibadilika baadaye, kazini, shuleni au mahakamani, na mara nyingi kwa hiari ya mwenyewe.

Hata waliobaki kwao hawakusalimika. Rasi ya Istria na mji wa Zadar viliangukia mikononi mwa Italia baada ya vita ile, na kuanzia mwaka 1927 serikali ya Mussolini ikatumia sheria kuyageuza majina ya Kislavu ya watu wa Istria yawe ya Kiitaliano. Mtu alilala na jina moja akaamka na jingine.

Tuseme basi mjukuu amelipata jina sahihi. Bado hajafika. Jina linaloongoza kwa wingi nchini Kroatia ni Horvat, na maana yake ni Mkroati tu! Yaweza kuonekana ni jambo la kuchekesha, lakini lina sababu. Waturuki wa Dola ya Uthmaniya walipoiteka Bosnia mwaka 1463, kisha wakawashinda Wahungaria huko Mohács mwaka 1526, watu wa kusini walikimbilia kaskazini, na wenyeji wa huko wakawaita kwa kabila lao. Sisi twalielewa hilo: mtu haitwi Mngazija akiwa Ngazija, huitwa hivyo akishafika Mombasa. Kwa hiyo jina Horvat lamwambia mwenyewe kwamba babu yake alikuwa mgeni mahali fulani, lakini halimwambii ni wapi.

La kuajabisha zaidi kwetu ni yale majina yenye harufu ya Uislamu. Kuna Hadžić, mwana wa haji. Kuna Hodžić, kutokana na hodža, yaani mwalimu wa dini, neno lenye asili moja na Khoja tunayoijua hapa Mombasa. Kuna Terzić, mwana wa mshonaji, na Kujundžić, mwana wa sonara, yote mawili kutokana na Kituruki. Mjukuu akiona jina kama hilo huweza kukata shauri kwamba wazee wake walikuwa Waislamu. Asiharakishe. Wako kina Kujundžić ambao ni Wakatoliki tangu zama. Babu yao alijifunza usonara wakati Kituruki kilikuwa ndicho lugha ya soko. Na Mkristo wa Kiorthodoksi aliyekwenda kuzuru Yerusalemu naye aliitwa hadži akirudi kwao. Wala Waislamu si wageni Kroatia: wapo mpaka leo, na dini yao ilitambuliwa kwa sheria iliyopitishwa na bunge la Zagreb mwaka 1916. Lakini jina peke yake halitoi ushahidi wa dini ya mtu.

DAFTARI ZA KALE

Ushahidi uko vitabuni, na vitabu hivyo viliwekwa kijiji kwa kijiji. Baraza kuu la maaskofu wa Kikatoliki lililokutana katika mji wa Trento, kuanzia 1545 hadi 1563, liliamuru kila padre aandike ndoa na ubatizo wa watu wake. Amri hiyo ndiyo iliyoyakaza majina ya ukoo, kwa sababu kina Ivan walikuwa wengi mno. Baadaye kikaja kitabu kingine ambacho Wakroati hukiita "stanje duša", hali ya roho, kilichoorodhesha kila nyumba na wote waliomo, kuanzia mzee mpaka mtoto mchanga. Mwenye kubahatika kukipata kitabu hicho huweza kuuona mji mzima wa babu yake katika ukurasa mmoja.

Kazi ni kukisoma. Kijiji hiki kiliandika Kilatini, kile Kiitaliano, na katika visiwa kadha mapadre walitumia herufi za kale za Kikroati ziitwazo glagoljica. Juraj aliyejulikana kwa jina hilo nyumbani huwa Georgius katika ubatizo na Giorgio katika hati ya serikali. Atafutaye lazima ajue kwamba hao watatu ni mtu mmoja. Mwaka 1946 serikali ya Yugoslavia ilianzisha usajili wake yenyewe, na vitabu vingi vikatoka makanisani vikaingia ofisini na hatimaye katika nyumba za hifadhi za kumbukumbu.

Waturuki nao waliandika. Orodha zao za kodi huitwa defter, neno lile lile la daftari letu, na ndani yake mtu huitwa fulani mwana wa fulani, kama ilivyo desturi yetu. Kwa hiyo anayeufuata ukoo nyuma mpaka wakati huo hulikosa jina la ukoo, ila kijiji hukikuta kimeandikwa.

Ndiyo maana nasema kijiji ndicho ufunguo. Nacho chaweza kupoteza mtu. Karatasi za babu husema amezaliwa "Austria", kwa sababu mpaka 1918 Kroatia ilikuwa ndani ya dola hiyo. Za ndugu yake aliyefuata baadaye husema "Yugoslavia". Barua ikisema Stari Grad, ni upi? Uko mmoja Hvar, na kuna Starigrad chini ya mlima Velebit. Selca iko Brač, Selce iko karibu na Crikvenica, na tofauti ni herufi moja tu.

Msaada mkubwa ulikuja mwaka 1976, wataalamu Valentin Putanec na Petar Šimunović walipotoa kamusi ya majina ya ukoo ya Kroatia kwa kutumia sensa ya 1948. Humo jina hutajwa pamoja na vijiji lilikokuwapo. Jina lililo nadra humleta mtu kwenye kijiji kimoja au viwili. Ndivyo ukoo wa Gabriel Boric, aliyezaliwa Punta Arenas na kuapishwa kuwa rais wa Chile mwaka 2022, unavyofungamana na Ugljan, kisiwa kilicho mkabala wa Zadar. Mwenye jina Horvat hana bahati hiyo.

Siku hizi utafutaji huu si wa kujifurahisha tu. Sheria ya uraia iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2020 iliondoa ukomo wa vizazi kwa wazawa wa Wakroati waliohama, na anayetaka pasipoti hana budi kuonyesha hati tangu kwake mpaka kwa yule aliyepanda meli. Pana suala la ardhi vilevile. Viko viwanja vya mizeituni ambavyo katika vitabu vya ardhi bado vimeandikwa kwa jina la mtu aliyehama zaidi ya miaka 100 iliyopita, na warithi wake wametapakaa mabara matatu. Hauziki, haujengeki, na ukuta wa mawe unaanguka.

Na anayefika kijijini huku ameshika hati zake hukuta jambo ambalo halimo vitabuni. Nusu ya makaburi yana jina lake, na jirani naye ni jina hilo hilo, lakini si nduguye. Huko kila tumbo la ukoo lina lakabu, na bibi aliyeketi mlangoni hatamuuliza jina la ukoo, analijua tayari, atamuuliza lakabu. Huenda imeandikwa kwa penseli nyuma ya picha ya zamani iliyobaki Chicago.