Baharini kwa mashua ya mita tano

Mtu apitaye kando ya mto Deben, mashariki mwa Uingereza, Ijumaa moja ya mwezi wa Juni jioni, huenda akamwona mzee akishusha mashua ndogo kutoka kwenye tela la gari lake, akaipakia dumu la maji, jiko la gesi, blanketi mbili na mkate. Mashua hiyo haina chumba wala paa. Akiulizwa anakokwenda, mzee yule atajibu bila majivuno kwamba anakwenda baharini, na kwamba atarejea Jumapili maji yakijaa.

Waingereza huziita mashua za namna hii dinghi, neno ambalo wao wenyewe walilichukua Bara Hindi. Kwetu pwani tungeziita vidau au vihori. Wengi wa wanaozimiliki huzitumia kwa mashindano ya mwisho wa juma, wakazunguka maboya matatu kisha wakarudi klabuni kunywa chai. Lakini wapo wachache wasiopenda kuzunguka maboya. Hao huambaa na pwani siku mbili, tatu, hata wiki nzima, na usiku hulala humo humo ndani ya mashua. Wana chama chao, Dinghy Cruising Association, kilichoanzishwa katika miaka ya 1950.

Mashua inayosifiwa zaidi miongoni mwao ni Wayfarer, iliyosanifiwa na Ian Proctor mwaka 1957. Urefu wake ni mita 4.82, upana wake mita 1.85, na bodi lake lina uzito wa kilo 170 hivi. Haina mkuku mzito kama jahazi. Badala yake ina ubao unaoshushwa majini kupitia mwanya uliopo katikati, ili upepo usiisukume mashua kwa ubavu. Ubao ukishuka, mashua huhitaji kina cha zaidi ya mita moja. Ukipandishwa, sentimita 20 zatosha. Hapo ndipo ilipo siri yote ya mashua hizi, kwani huingia mahali ambapo yoti ya tajiri haithubutu kusogea. Zipo nyingine pia. Mirror, yenye urefu wa mita 3.3 na matanga mekundu, ilitangazwa na gazeti la Daily Mirror katika miaka ya 1960 ili mtu wa kawaida aweze kujiundia mwenyewe nyumbani kwa mbao nyembamba. Drascombe Lugger ina mlingoti mdogo wa galme upande wa tezi, jambo ambalo bila shaka litamfurahisha mzee yeyote wa majahazi.

Haiwezekani kuzungumzia Wayfarer bila ya kumtaja Frank Dye, muuza magari wa Norfolk. Mwaka 1963, akiwa na mwenzake mmoja, alitweka tanga kutoka Scotland hadi Iceland katika mashua hiyo iliyo wazi. Mwaka uliofuata alielekea Norway. Njiani alikumbwa na dhoruba ya daraja la 9 katika kipimo cha Beaufort. Mashua ikapinduliwa na mawimbi zaidi ya mara moja na mlingoti ukavunjika, lakini walifika. Mashua yake, iitwayo Wanderer, imehifadhiwa katika jumba la makumbusho ya bahari huko Falmouth. Frank Dye alifariki dunia mwaka 2010. Binafsi namstahi, ila simwoni kuwa mfano wa kuigwa, na mabaharia wengi wa ridhaa niliozungumza nao wana maoni hayo hayo. Wao hawautafuti ushujaa. Wanachotaka ni kulala mahali pasipo na mtu, kisha warudi salama kazini Jumatatu.

Sasa tuje kwenye elimu yenyewe. Mwanapwani wa Kiswahili hana haja ya kufundishwa maana ya bamvu na maji mafu. Katika pwani ya Essex na Suffolk, wakati wa bamvu, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hukaribia mita 3 na nusu, kiasi kisichoachana sana na kile cha Mombasa au Unguja. Kitu kinachomshangaza mgeni ni mkondo, ambao midomoni mwa mito hugeuka mkali mno. Chukua mfano wa mashua yenye mwendo wa maili 4 za bahari kwa saa, inayokusudia kwenda maili 12. Mkondo wa maili 2 ukiwa upande wake, itafika baada ya saa 2. Mkondo huo huo ukiikabili, safari itachukua saa 6, na kabla ya hapo maji yatakuwa yamekwisha kugeuka. Ndiyo maana baharia wa mashua ndogo huitazama jedwali ya maji kabla ya kuitazama saa, na ikimbidi kuondoka alfajiri saa kumi, ataondoka saa kumi.

Jambo la pili ni upepo na mkondo vinapopingana. Hapo mawimbi hufupika na kusimama wima kama ngazi, hata kama upepo wenyewe si mkubwa. Mlangoni mwa Deben kuna fungu la changarawe ambalo huhama kutoka mwaka mmoja hadi mwingine, na ramani ya miaka mitatu iliyopita yaweza kumwangamiza mtu. Mwenye busara hupunguza tanga mapema, au husubiri ndani ya mto hadi maji yageuke.

Jioni ikiingia, baharia huyatafuta maji ya ndani, kama vile vijito vya nyuma ya mji wa Walton, ambako kuna vinamasi vya chumvi, ndege wengi na sili waliolala kwenye matope. Hupandisha ubao, hutia nanga, na maji yakipwa, huiacha mashua ipwelewe kwa makusudi. Tope huishika mashua wima kama kitanda. Hema hutandikwa juu ya mti wa chini wa tanga, mbao hulazwa baina ya viti, chai huchemshwa. Kisha mtu hulala, akijua kwamba kwa saa kadhaa hakuna chombo kitakachoweza kumkaribia, naye hawezi kwenda popote.

Gharama si kubwa zikilinganishwa na yoti: mashua hulala uani, haina ada ya gati. Uingereza haimdai leseni mtu anayesafiri baharini kwa burudani katika mashua yake mwenyewe. Hata hivyo mafunzo yapo, na asiyeyachukua anajidanganya. Redio ya VHF yenye chaneli 16 ya dharura, jaketi la kujiokolea, na utabiri wa hali ya hewa ni mambo yasiyo na mjadala. Mtu akipatwa na janga, walinzi wa pwani huitwa kwa simu 999, na mara nyingi watakaokuja ni wa RNLI, shirika la hisani lililoanzishwa mwaka 1824, ambalo wengi wa mabaharia wake wa uokozi ni watu wa kujitolea.

Lakini jaketi hilo linanirudisha kwenye kosa langu mwenyewe. Nilipoalikwa mara ya kwanza, nilitaka kulikataa. Nilikuwa nimekulia ufukweni, nimeogelea kabla ya kujua kusoma. Nani wa kunivisha boya kama mtoto? Rafiki yangu hakubishana nami. Aliniambia tu kwamba kabla ya safari yoyote lazima tuipindue mashua kwa makusudi, karibu na ufuko, ili nijifunze kuiinua. Ulikuwa mwezi wa Mei, jua linawaka.

Maji ya bahari ya Uingereza, kwa wastani wa mwaka, ni kama nyuzi 12, wakati ya kwetu ni 25 na zaidi. Nilipotumbukia, kifua kilibana na pumzi ikaanza kunitoka na kuniingia yenyewe, pasipo amri yangu. Ustadi wangu wa kuogelea haukuwa na faida hata chembe, kwa sababu mtu asiyeweza kutawala pumzi hawezi kupiga mbizi wala mikono. Wataalamu huuita mshtuko wa baridi, na wanasema dakika ya kwanza ndiyo huua wengi, kabla ya mwili kupoa. Dawa yake ni kutoogelea kabisa: lala chali, zamisha masikio, elea, subiri sekunde 60 hadi 90 pumzi irudi. Baadaye ndipo mtu huzunguka mashua, husimama juu ya ule ubao wa katikati na kuivuta hadi inyanyuke, kwani vyumba vya hewa vilivyozibwa huizuia kuzama.

Siku ile tulipindua mara tatu. Mara ya tatu niliweza kuhesabu hadi tisini nikiwa nimelala chali, huku jaketi lililotaka kunitia aibu likiwa limenishika shingoni, na rafiki yangu akifua maji kwa ndoo bila kusema neno.