Mgomba, Muhogo na Istilahi za Ubadilishaji wa Jeni: Mtazamo kutoka Pwani ya Kilifi

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa mgomba haushindwi na mkunguwe. Hata hivyo, mgomba hushindwa na maradhi. Mnyauko wa bakteria, ulioripotiwa nchini Uganda mwaka 2001 na kisha kuenea Afrika Mashariki, huivisha ndizi kabla ya wakati wake na hatimaye kuua mgomba mzima. Katika mashamba ya Malindi na Kilifi, muhogo nao una adui wake: michirizi ya kahawia, ugonjwa wa virusi uliobainishwa Tanganyika katika miaka ya 1930. Mmea huweza kuonekana mzima ilhali mizizi imeoza ndani.

Sayansi imependekeza tiba ya kubadilisha jeni. Makala haya yanafafanua istilahi nne ambazo aghalabu huvurugwa katika mjadala huo.

Istilahi Nne

Kwanza ni chotara, yaani zao la mimea miwili ya jamii moja iliyopandishwa kwa chavua. Mahindi ya Pwani Hybrid, yaliyozalishwa Mtwapa, ni ya aina hii. Pili ni miche ya tishu. Hapa kipande kidogo cha mgomba hukuzwa maabarani hadi kikawa mche. Jeni zake hazibadilishwi.

Tatu ni ubadilishaji wa jeni. Ndizi tunazokula, kama vile kisukari na mkono wa tembo, kwa kawaida hazina mbegu, na migomba hupandwa kwa machipukizi. Kwa hiyo, kuizalisha kwa chavua ni kazi ngumu. Ndipo watafiti wa Uganda na wenzao wakachukua jeni za pilipili hoho na kuzitia katika mgomba ili uhimili mnyauko. Kwa upande wa muhogo, mmea hutiwa sehemu ya chembe za urithi za virusi vyenyewe, nao hujifunza kuvitambua na kuvizima.

Nne ni uhariri wa jeni, ambapo jeni za mmea hukatwa au kurekebishwa mahali maalumu, na si lazima jeni ngeni ibaki ndani yake. Mwaka 2019, watafiti walioko Nairobi walichapisha matokeo ya kuzima kwa njia hii virusi vilivyojificha ndani ya jeni za ndizi za kupika.

Kiini cha Suala

Muhogo uliobadilishwa jeni ulifanyiwa majaribio katika maeneo kadhaa ya Kenya, Mtwapa ikiwamo. Mwezi Juni 2021 Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama wa Kibayolojia iliidhinisha hatua ya kuupanda nje ya uzio wa majaribio. Oktoba 2022 serikali iliondoa marufuku ya mwaka 2012 dhidi ya vyakula vya aina hiyo, na uamuzi huo ukapingwa mahakamani.

Wanaounga mkono hutaja njaa na hasara ya mkulima. Wanaopinga huuliza juu ya afya, mazingira na umiliki wa mbegu. Swali hili la mwisho lina uzito wa pekee Pwani, kwani mkulima wa muhogo humkatia jirani vipande vya shina bila malipo, na mbegu husambaa kwa ujirani.

Aidha, Sheria ya Usalama wa Kibayolojia ya mwaka 2009 iliandikwa kwa Kiingereza. Mkulima wa Ganze au Magarini akiulizwa iwapo anaikubali "mbegu ya kisasa", amejibu swali lipi? Huenda akawaza chotara, huenda akawaza mche wa tishu. Ridhaa inayotolewa juu ya neno lisiloeleweka si ridhaa.

Hitimisho

Katiba ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Hivyo basi, ni wajibu wa wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili kuzisanifu istilahi hizi na kuzifikisha barazani, ili mkulima aamue mwenyewe, akubali au akatae, akijua anachokitamka.