Neno la Mwalimu katika Tasnifu ya Mtaala: Mifano ya Mbeya na Iringa

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi katika wilaya ya Rungwe aliulizwa na mwanafunzi wa shahada ya uzamili sababu ya kuiruka mada ya umeme katika somo la Sayansi na Teknolojia. Alijibu kwa maneno mawili tu: "Mada haifundishiki." Mwanafunzi huyo, ambaye fani yake ni mtaala na ufundishaji, aliyaandika maneno hayo kama yalivyosemwa, kisha akayafasiri kwa Kiingereza kwa fungu lenye maana ya "siwezi kuifundisha mada hii". Kutokana na fungu hilo na mengine yaliyofanana nalo, sura ya mwisho ya tasnifu yake ilipendekeza kwamba walimu wa wilaya ile wapewe mafunzo zaidi, kwa kuwa ujuzi wao haukutosha. Tasnifu ilinijia mimi nikiwa mmoja wa watahini, na kwa bahati njema mahojiano yenyewe ya Kiswahili yalikuwa yameambatishwa mwishoni.

Msomaji wa kurasa hizi hahitaji kufundishwa kauli ya kutendeka, lakini yafaa tukumbushane mambo mawili. Kwanza, kiambishi -ik-, pamoja na umbo lake -ek-, huonyesha hali ya kitu au uwezekano wa kutendwa: mlango umefunguka, maji hayanyweki, barabara haipitiki. Pili, tofauti na kauli ya kutendwa, kauli hii haimkaribishi mtenda. Twasema "mlango umefunguliwa na Juma", wala hatusemi "mlango umefunguka na Juma". Asemaye kwamba barabara haipitiki hasemi kwamba yeye hajui kuendesha gari. Na kweli, mistari michache chini ya jibu lile, mwalimu yuleyule ameeleza kuwa watoto darasani wapita tisini, vitabu ni vinne, na hapana hata betri moja wala kipande cha waya. Kizuizi yeye alikiweka katika mada na mazingira yake. Mfasiri amekihamisha na kukitia katika kichwa cha mwalimu.

Simlaumu kijana yule. Yeye mwenyewe ni mwalimu, na njia aliyopita ni ndefu. Anayefundisha Mbeya au Iringa na kutaka shahada ya uzamili ya namna hii ana milango kadhaa. Aweza kushuka mlima wa Kitonga na kwenda hadi Dar es Salaam, ambako Shule Kuu ya Elimu ya Chuo Kikuu ina idara ya saikolojia ya elimu na mitaala. Aweza pia kubaki kazini na kusomea elimu katika Chuo Kikuu Huria, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kuanza kufundisha mwaka 1994, nacho kina vituo Mbeya na Iringa. Wengi wa walimu wa sekondari wa nyanda zile shahada yao ya kwanza waliipata karibu na kwao, katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, ambacho tangu mwaka 2005 ni tawi la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Popote aendapo, mwendo haubadiliki sana: masomo ya darasani, kisha andiko la kuombea uchunguzi, kisha barua. Barua ya chuo humpeleka kwa Katibu Tawala wa Mkoa. Mkoa humpeleka wilayani. Wilaya humpeleka kwa mwalimu mkuu, naye humkaribisha kiti na kumwitia walimu. Tangu hapo shughuli yote ni ya Kiswahili. Muhtasari wa somo, azimio la kazi, andalio la somo, maelezo ubaoni, manung'uniko ya walimu wakati wa mapumziko, yote ni Kiswahili. Akirudi mezani pake hubadili lugha. Vitabu alivyosomea, tangu kile cha Ralph Tyler cha mwaka 1949 na maswali yake manne juu ya makusudi, mambo ya kujifunza, mpangilio wake na tathmini, ni vya Kiingereza. Tasnifu yatakiwa kwa Kiingereza. Na watahini wamngoja kwa Kiingereza. Kwa hiyo katika safari ile ya kutoka Tukuyu kurudi chuoni kila neno la mwalimu huvuka mto, na hakuna ahesabuye yaliyozama.

Jina la fani lenyewe limekwisha vuka mto mara mbili. Neno la Kiingereza limetoka katika Kilatini, na asili yake ni mbio au njia ya mbio. Mtaala limetoka katika Kiarabu, mutalaa, yaani kusoma na kudurusu. Kiswahili kikaichukua silabi ya mwanzo kuwa kiambishi cha ngeli, tukapata mtaala na mitaala kama mti na miti. Kwa wazee mtaala ulikuwa tendo la kusoma kwa makini. Maana ya mpango wa masomo wa taifa zima ni ya juzi tu, na ilipata nguvu ilipoundwa Taasisi ya Ukuzaji Mitaala mwaka 1975, ambayo tangu 1993 yaitwa Taasisi ya Elimu. Hata leo wako waandikao mtalaa, na wako wasemao "mitaala hii" hali wakikusudia mmoja. Ufundishaji nao una ndugu zake: pwani mwali hufundwa, darasani mtoto hufundishwa, kambini askari hupewa mafunzo. Tofauti hizo si pambo la lugha. Mzazi wa Iringa asemapo kwamba shule ya siku hizi yafundisha lakini haifundi, ametoa hoja nzima juu ya mtaala, nayo kwa Kiingereza yahitaji aya.

Lakini neno lenye mzigo mkubwa kuliko yote sasa ni umahiri. Mageuzi ya mitaala ya mwaka 2005 yalinuia kumtoa mtoto katika kukariri na kumtia katika kutenda, na mihtasari ya shule za msingi iliyotolewa miaka kumi hivi baadaye ikapangwa kwa "umahiri mkuu" na "umahiri mahususi". Mtaala ulioboreshwa wa mwaka 2023, ambao ulianza kutumika Januari 2024, umesimama juu ya nguzo hiyohiyo. Wenzetu wa Kenya kwa jambo hilohilo wamechagua umilisi. Sasa, katika isimu umilisi una kazi nyingine: ndio tuliolipa dhana ya Chomsky ya mwaka 1965, maarifa ya lugha yaliyojificha akilini, tukautenga na utendi, ambao ni ushahidi wake wenye kasoro. Kiingereza kina neno moja kwa umahiri wa mihtasari na umilisi wa wanaisimu. Nimesoma zaidi ya tasnifu moja ambamo dhana hizo mbili zimetajwa katika aya moja kana kwamba ni ndugu wa tumbo moja, kumbe zapingana: umilisi wa isimu wawapo hata mtu akinyamaza, bali umahiri wa muhtasari haupo mpaka mtoto aonekane akitenda. Katika Kiswahili cha Tanzania maneno yenyewe yangemzuia mwandishi mlangoni. Hapa, mara moja katika nyingi, istilahi zetu ni bora kuliko zile tulizoazima.

Jambo hili la kupoteza maneno ya wenyeji si geni katika nyanda zile. Huko Malangali, katika Mufindi ya leo, serikali ya Waingereza ilikuwa na shule mwishoni mwa miaka ya 1920, na W. Bryant Mumford aliyeiongoza alijaribu kuijenga juu ya maisha ya Wahehe, Wabena na Wasangu, ngoma na mavazi na mapokeo ya wazee yakiingizwa katika mambo ya shule. Habari zake alizitoa mwaka 1930 katika jarida la Africa. Nia yake imebishaniwa sana, na wako walioona kwamba kumrudisha mtoto katika mavazi ya babu yake ni kumfungia mlango wa ukarani. Mimi hapa nina shida nyingine. Wazee wale watufikia kwa kalamu ya Mumford na kwa Kiingereza chake. Kama walitaka watoto wao walelewe, au wafundwe, au wafundishwe, fasiri haitoshi kutuambia. Na hilo ndilo lililokuwa swali lenyewe la mtaala wa Malangali.

Turudi Rungwe. Katika mahojiano yaleyale mwalimu mwingine alisema: "Nimemaliza, na watoto wameshika." Fasiri ilisema kwamba watoto wameielewa mada barabara. Kushika ni kuwa na kitu mkononi au kukihifadhi kichwani. Mtoto aweza kushika kila neno la fasili ya mkondo wa umeme asielewe hata moja. Katika uchunguzi ambao shabaha yake ilikuwa kupima kama kukariri kumepungua, neno hilo moja lilikuwa ushahidi mzito, nalo limehesabiwa upande usio wake. Nadhani chini ya Kiswahili cha mwalimu yule palikuwa na lugha nyingine pia. Kinyakyusa hujenga neno la kufundisha, ukumanyisya, juu ya ukumanya, kujua: kumfanya mtu ajue. Mtu aliyekulia katika lugha hiyo yawezekana akasikia ndani ya kufundisha ahadi ambayo neno la Kiswahili halikuitoa. Hilo nalisema kwa tahadhari, maana lahitaji kuchunguzwa. Lakini atalichunguza nani, ikiwa maneno ya walimu yaachwa wilayani?

Wasimamizi kadhaa nimewasikia wakijibu kwamba haina njia: mtahini wa nje huenda hajui Kiswahili, na idadi ya kurasa ina mpaka. Jibu la kwanza halinitishi. Nilipokuwa nikiandika tasnifu yangu ya uzamivu ng'ambo, msimamizi wangu hakujua Kiswahili hata kidogo, wala hakukubali mfano wowote usioandikwa kwanza kwa Kiswahili, chini yake vipande vya neno kimoja kimoja, na chini kabisa fasiri. Alifanya hivyo kwa sababu hakujua. Fasiri peke yake ilimnyima nafasi ya kunibishia. Jibu la pili lina uzito kidogo, lakini sidai kila sentensi ichambuliwe kama katika isimu. Nadai kwamba kazi ya kuyapanga majibu katika mafungu ya maana ifanywe kwa Kiswahili kabla ya kufasiri, si baada yake; kwamba kila jibu linalobeba hoja lionekane katika tasnifu kwa maneno ya msemaji; na kwamba mwanafunzi aulizwe katika mtihani wa mdomo kwa nini amefasiri hivi na si vile. Idara ya Kiswahili ya Dar es Salaam ilianza kufundisha kwa Kiswahili mwaka 1970 na hakuna aliyeona shahada zake zimepungua kina. Basi idara za elimu hazitaanguka kwa kuruhusu nukuu.

Tasnifu ya Rungwe tuliirudisha kwa marekebisho. Mwandishi alikasirika, kama nilivyowahi kukasirika mimi, kisha akapanda basi, akarudi kwa mwalimu wake na kumsomea fasiri yake kwa Kiswahili. Mwalimu alicheka sana, akasema kwamba umeme aliwahi kuufundisha miaka sita katika shule nyingine, tena vizuri. Pendekezo la mafunzo lilifutwa. Mahali pake sasa paelezwa habari ya vitabu vinne, na neno haifundishiki limeandikwa kwa ukamilifu wake, na fasiri iko chini.