Kwa nini wavuvi wa Uingereza walilificha bwawa hili

Septemba 1952, Richard Walker alivua karpi, samaki wa maji baridi, wa kilo 20 hivi. Rekodi ya Uingereza! Samaki akapelekwa hai bustani ya wanyama London, akaishi huko hadi 1971. Ila katoka wapi? Waliojua bwawa la Redmire, Herefordshire, walifunga mdomo.

Si uchoyo tu. Bwawa lenyewe dogo, watu wakijaa linaharibika. Halafu hakuna aliyejua kuna nini chini, na utamu ulikuwa hapo.

Siku hizi karpi akivuliwa anapimwa, anapigwa picha, anarudishwa majini. Wakubwa wana majina kabisa. Two-Tone wa Kent, aliyefika kilo 30 na kufa 2010, alivuliwa na watu kadhaa.

Ukimpata wa hivyo, wenzako wanakwambia jina lake kabla hujamtoa ndoana.