Je, Wajua? Jasho la Kanda ya Kati na Waliolipima

Je, wajua kwamba kazi ya ujira haikuletwa Dodoma na Mjerumani? Kabla ya reli na kabla ya bendera ya mkoloni, wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walikuwa wakiikata Ugogo kwenda pwani na kurudi kwa malipo waliyopatana kabla ya kuondoka. Mwanahistoria Stephen Rockel, katika kitabu chake cha mwaka 2006 kuhusu wapagazi wa karne ya 19, anaonyesha kwamba hao walikuwa watu wa fani. Walijua thamani ya kazi yao, walidai posho, na posho isipotoka waliweka mizigo chini, msafara mzima ukasimama. Wasafiri wa Kizungu waliandika kwamba ni uvivu na utoro. Rockel alizisoma kumbukumbu hizohizo akaona ndani yake mgomo wa wafanyakazi. Hapo ndipo ninapouona uzito wa utafiti: karatasi ni zilezile, ila safari hii msomaji anamuuliza na aliyebeba.

Je, wajua mpagazi alibeba kiasi gani? Mzigo wa kawaida ulikuwa kama frasila 2, yaani karibu kilo 32. Akifika Marenga Mkali, lile pori kame baada ya Mpwapwa, msafara ulipiga terekeza: unaondoka mchana, unalala bila maji, unamalizia kesho yake. Ziweke akilini hizo kilo 32, tutakutana nazo sokoni.

Watemi wa Ugogo nao hawakukaa kutazama. Waliomiliki visima na chakula walitoza hongo kila msafara uliopita, na wafanyabiashara wa pwani walilalamika sana. Walilipa.

Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Dodoma 1910 na Kigoma 1914. Thaddeus Sunseri, katika kitabu chake *Vilimani* cha mwaka 2002, anawaonyesha vibarua wa enzi ya Mjerumani wakichagua pa kwenda na pa kuondoka kwa kupima maslahi ya kaya zao. Mwajiri katili alibaki akililia wafanyakazi.

Je, wajua kwamba njaa kubwa kuliko zote zinazosimuliwa Ugogo haikuletwa na ukame peke yake? Ni Mtunya, ya kati ya 1917 na 1920. Vita Kuu ya Kwanza ilipopita, Wajerumani walichukua ng'ombe na nafaka za kulisha askari wao. Waingereza waliingia Dodoma mwishoni mwa Julai 1916, wakachukua walichokikuta, na wanaume wakaondolewa mashambani kwenda kubeba mizigo ya vita. Kisha mvua zikakosekana. Gregory Maddox, aliyechapisha utafiti wake mwaka 1990, anaeleza kwamba Wagogo walikuwa na njia zao za kuvuka miaka mibaya: kuhamisha mifugo, kubadilisha ng'ombe kwa nafaka, kukimbilia kwa ndugu na jamaa. Vita ilizivunja njia zote hizo kwa mpigo. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba watu 30,000 walikufa kati ya 150,000. Nguvu kazi ilichukuliwa pamoja na chakula chake, na gharama ikaachwa mlangoni kwa waliobaki, kina mama, wazee na watoto. Ukitaka kujua unyonyaji wa kazi unaishia wapi usipozuiwa, anzia hapo.

Na je, wajua kwamba Mathias Mnyampala, mshairi na baba wa ngonjera, alizaliwa Ugogo mwaka huohuo wa 1917? Mwaka 1954 alichapisha historia ya Wagogo kwa Kiswahili. Baada yake Mzee Ernest Kongola, mwalimu mstaafu, aliandika kumbukumbu za koo na watu wa Ugogo kwa miaka mingi, na Maddox alijifunza mengi kutoka kwake. Utafiti wa Dodoma haukuanza na chuo kikuu.

Mwaka 1923 serikali ya Kiingereza ilitunga sheria ya mabwana na watumishi wenyeji. Kwa sheria hiyo, mfanyakazi aliyeacha kazi kabla ya mkataba kwisha alikuwa mhalifu. Ugomvi wa ujira ukawa kesi ya jinai, na Mwafrika akafungwa jela kwa kuondoka kazini. Profesa Issa Shivji aliifuatilia historia hiyo hatua kwa hatua katika kitabu chake cha mwaka 1986 kuhusu sheria, dola na tabaka la wafanyakazi Tanzania. Ningependa kila afisa rasilimali watu akisome kabla ya kuandika mkataba.

Je, wajua "mwezi" wa mkonge ulikuwa na siku ngapi? Mfanyakazi wa kipande alilipwa baada ya kukamilisha siku 30 za kazi kwenye kadi yake, hata kama kuzikamilisha kulimchukua wiki sita. Siku ambayo hakumaliza kazi aliyopimiwa haikuandikwa. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kuajiri, SILABU, iliyochota watu kutoka mikoa ya mbali na kuwapeleka kwenye mkonge. Walter Rodney, akiwa na Kapepwa Tambila na Laurent Sago, aliandika juu ya uhamaji huo katika kitabu kilichotoka mwaka 1983, miaka mitatu baada ya Rodney kuuawa kwao Guyana. Wanaonyesha kwamba ujira mdogo uliwezekana kwa sababu mke aliyeachwa kijijini ndiye aliyelisha watoto, kulea wagonjwa na kumpokea mume aliyerudi amechoka. Shamba la mkonge lilikula jasho la mtu ambaye halikumwandika popote.

Sasa Kongwa. Je, wajua kwamba mradi mkubwa wa kilimo ulioshindwa vibaya kuliko yote Tanganyika ulianzia hapo, mwendo mfupi kutoka Mpwapwa? Baada ya Vita ya Pili Uingereza ilikosa mafuta ya kula. Mwaka 1946 Frank Samuel wa kampuni ya United Africa, tawi la Unilever, alipendekeza karanga, na ujumbe wa John Wakefield ukazunguka wiki chache na kusema inawezekana. Shabaha: ekari zaidi ya milioni 3 katika Kongwa, Urambo na Nachingwea. Vilikuja vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa matrekta, vikapambana na mibuyu na vichaka vyenye mizizi isiyokatika. Udongo wa Kongwa ukikauka unakuwa kama saruji, na karanga huzaa ardhini, hivyo kuing'oa ikawa vita nyingine. Mvua ikafanya kama inavyofanya Ugogo siku zote. Mwaka 1951 mradi ulifungwa, na karibu pauni milioni 36 za walipakodi wa Uingereza zikawa zimepotea.

Wachumi Jan Hogendorn na K. M. Scott, wakiuchambua mradi huo mwaka 1981, walisisitiza jambo moja: hakukuwa na shamba la majaribio. Mimi naongeza: wenyeji wenye kumbukumbu ya Mtunya walikuwa palepale, na walijua mvua za Kongwa.

Lakini kuna sehemu ya Kongwa isiyosimuliwa sana. Septemba 1947 makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma kwa ajili ya ujira ulioliwa na bei za vitu. Mgomo ulipanda na reli ukaingia bara, na wafanyakazi wa mradi wa karanga nao wakaweka zana chini. Kambi ilikuwa imekusanya maelfu ya watu mahali penye maji haba na chakula kidogo, bei zikapaa, mshahara ukabaki pale pale. Watu hukumbuka matrekta yaliyoharibika. Mwenye biashara akumbuke pia kwamba mradi uliotumia mamilioni ya pauni ulishindwa kuelewana na mtu mwenye panga na jembe.

Mgomo mrefu zaidi ulikuja mwaka 1960. Wafanyakazi wa reli, chama chao kikiongozwa na Christopher Kasanga Tumbo, waligoma kwa siku 82.

Je, wajua kwamba msomi mmoja ameandika juu ya karanga na pia juu ya daladala? Matteo Rizzo alichunguza mradi wa karanga upande wa Nachingwea, akachapisha mwaka 2006. Kitabu chake cha mwaka 2017 ni kuhusu madereva na makondakta wa Dar es Salaam: hawana mkataba, asubuhi wanachukua gari, jioni wanapeleka hesabu kwa tajiri, na kinachobaki ndicho chao. Rizzo anakataa kuwaita hao "wajasiriamali". Ni wafanyakazi ambao hatari ya biashara imehamishiwa migongoni mwao. Bodaboda wa Dodoma anayepeleka hesabu jioni atajitambua humo mara moja.

Hapa nauliza swali ambalo wengi hawalijui jibu lake, hata wanaoishi kilomita chache kutoka Bunge. Je, wajua kwamba kibarua asiye na karatasi anaweza kuwa mwajiriwa kamili mbele ya sheria? Sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7 ya 2004, kifungu cha 61, inataja mambo kadhaa, na likiwepo hata moja, mtu huchukuliwa kuwa mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Mojawapo: amemfanyia mtu huyo kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi 3 iliyopita. Saa 45 kwa mwezi! Saidia fundi anayepandisha zege Mtumba, kwenye mji wa serikali, huzimaliza ndani ya wiki moja. TANU iliamua kuhamishia makao makuu Dodoma mwaka 1973, serikali ikaanza kuhamia kwa kishindo 2016, na Dodoma ikawa jiji Aprili 2018. Majengo yote yaliyoota tangu hapo yamebebwa na watu walioitwa "vibarua" kila asubuhi, na wengi hawajawahi kuambiwa habari ya kifungu hicho.

Tumefika sokoni. Nenda Kibaigwa, wilaya ya Kongwa, msimu wa mahindi, ukalitazame gunia la lumbesa linavyofungwa. Linajazwa mpaka mdomo, linashindiliwa, kisha juu yake inashonwa kofia ya wavu au kipande cha gunia jingine, na nafaka inaendelea kumiminwa. Bei inabaki ya gunia moja. Tuseme lumbesa lina kilo 130 na linalipwa kama kilo 100: kwa kila magunia matatu mkulima ametoa kilo 90 bure, karibu gunia zima. Sheria ya vipimo inakataza, Wakala wa Vipimo hufanya misako, na vitunguu vya Singida bado husafiri na vichwa vyao vya wavu.

Wanaoandika juu ya lumbesa huishia kwa mkulima. Mtazame na kuli. Shirika la Kazi Duniani, katika pendekezo lake Na. 128 la mwaka 1967, linasema mwanamume mzima asibebeshwe zaidi ya kilo 55 kwa mikono. Mpagazi wa karne ya 19 tulimwacha na kilo 32, tena alikuwa na uwezo wa kuketi chini msafara ukasimama. Kijana wa leo anainama, anawekewa mgongoni gunia la kilo 100 na zaidi, anapanda ubao mwembamba hadi kwenye lori, analipwa kwa gunia na si kwa kilo. Anayeongeza kofia ya wavu humwibia mkulima nafaka, na papo hapo humwibia kuli uti wa mgongo. Hili linanikera kuliko yote niliyoandika hapa.

Zabibu je? Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo nchi za baridi hazina. Ila zabibu ikiiva haingoji. Mkulima wa Hombolo au Mpunguzi ambaye kiwanda hakijamnunulia ana siku chache tu kabla ya tunda kuharibika, na mnunuzi anajua hivyo. Bei ikishuka, wa kwanza kupunguziwa ni kibarua wa kupogoa na wa kupiga salfa kuzuia ubwiri unga, mara nyingi akiwa mikono mitupu na pua wazi. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulianza kazi mwaka 2015, na mchango wake hutolewa na mwajiri pekee. Ni kosa kuukata kwenye mshahara. Kibarua asiyeandikishwa hapati fidia hiyo kirahisi.

Mabinti wengi wa Dodoma na Singida huanza maisha ya kazi jikoni kwa watu. Janet Bujra, katika kitabu chake cha mwaka 2000, anaeleza kwamba kazi hiyo Tanzania zamani ilikuwa ya wanaume, kisha wanawake wakaichukua. Amri ya mishahara iliyoanza Januari 2023 iliweka kima cha chini cha mtumishi wa kawaida wa ndani anayeishi kwa mwajiri kuwa shilingi 60,000 kwa mwezi, sawa na 2,000 kwa siku. Mwaka huohuo kibarua wa shamba aliwekewa 140,000. Wengine walivuka bahari: ripoti ya Human Rights Watch ya Novemba 2017 iliwahoji Watanzania 50 waliofanya kazi za ndani Oman na Falme za Kiarabu, na wengi walisimulia pasi za kusafiria kuzuiwa na siku za kazi zisizo na mwisho.

Mwaka 2011 Umoja wa Mataifa ulikubali kanuni kwamba kampuni inawajibika kwa haki za watu katika mnyororo wake wote wa biashara. Mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ukapitisha sheria ya kuzibana kampuni kubwa kwa hilo, na mwaka uliofuata ukaanza kuilegeza. Mahindi ya Kibaigwa huliwa hapahapa Afrika Mashariki, kwa hiyo mkaguzi kutoka Brussels hatafika. Atakayefika ni mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma, wa Chuo cha Elimu ya Biashara (CBE) au wa Chuo cha Mipango, mwenye dodoso mkononi. Namsihi amhoji na kuli, pamoja na mwenye lori.

La mwisho ni la kukata na kubandika ukutani. Aliyeachishwa kazi isivyo haki ana siku 30 tu kupeleka lalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Kwa migogoro mingine, kama mshahara usiolipwa, ni siku 60. Fomu inaitwa CMA F1. Nakala apewe mwajiri kwanza, na ushahidi kwamba ameipokea uambatanishwe.